Mpira wa moyo na bonge la damu

Mgonjwa wa moyo anayetoka Bagamoyo kwenda Muhimbili anafuata nyayo za tajiri wa mji wake. Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara aliyeuzia misafara bidhaa, ndiye aliyetoa fedha za hospitali ya Dar es Salaam iliyobeba jina lake, mzizi wa Muhimbili ya leo. Alifariki mwaka 1897, lakini jina lake bado lipo kwenye jengo la Sewahaji huko Muhimbili. Katika eneo hilohilo, tangu 2015, ipo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, inayobeba jina la mzaliwa wa Msoga, kijiji kilichokuwa ndani ya Wilaya ya Bagamoyo.

Leo hitilafu za umeme wa moyo zinaweza kutibiwa kwa mpira mwembamba unaopitishwa kwenye tundu dogo la pajani. Tiba hiyo ina asili yake Eberswalde, Ujerumani, mwaka 1929. Daktari kijana Werner Forssmann alijitoboa mshipa wa mkono, akasukuma mpira mwembamba sentimita 65, kisha akatembea mwenyewe hadi chumba cha eksirei. Picha ilionesha ncha ya mpira imeingia moyoni. Mwaka 1998, Michel Haïssaguerre wa Bordeaux, Ufaransa, alionesha kuwa mapigo yaliyovurugika ya vyumba vya juu vya moyo mara nyingi huchochewa na mishipa inayorudisha damu kutoka mapafuni. Madaktari wakaanza kuchoma hapo kwa ncha ya mpira.

Ila palipochomwa pana kidonda, na damu huganda kwenye kidonda. Tena chumba cha juu cha kushoto huweza kubaki kimelegea kwa wiki kadhaa hata mapigo yakisharudi sawa, damu ikatuama humo. Bonge likichomoka na kufika ubongoni, ni kiharusi.

Ndiyo maana mpira huenda sambamba na dawa ya kuzuia damu kuganda. Heparini iligunduliwa Baltimore, Marekani, mwaka 1916. Warfarini ilitokana na uchunguzi wa ng'ombe waliokufa kwa kuvuja damu baada ya kula majani yaliyooza; iliuzwa kwanza kama sumu ya panya, ndipo miaka ya 1950 ikawa dawa ya binadamu.

Baada ya kuchomwa, dawa za kumeza za kuzuia damu kuganda hutumiwa kwa angalau miezi 2, na wengine huendelea nazo maisha yao yote. Ndugu msomaji, ukirudi nyumbani ukajiona mzima, usiziache bila kauli ya daktari. Na mdomo ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakikwama, usisubiri kesho: wahi hospitali.