Kabla hujamwita fundi wa tovuti

Mali bila daftari hupotea bila habari. Wazee wetu walisema hivyo kuhusu duka na madeni ya unga, lakini mimi naiona methali hii ikitimia kwa wafanyabiashara wa Likoni, Kisauni na Changamwe wanaotengenezewa tovuti. Fundi analipwa, kurasa zinapendeza, mwaka unapita, kisha siku moja tovuti haifunguki na fundi hapatikani kwa simu. Hapo ndipo mwenye biashara anagundua kwamba jina la biashara yake kwenye intaneti limeandikishwa kwa jina la mtu mwingine.

Haya ndiyo ninayowashauri wanaoniuliza.

Kwanza, jua tovuti unamtengenezea nani. Wakala wa mizigo wa Changamwe hutafutwa na mwagizaji aliye Kampala ambaye hajawahi kumuona. Huyo anataka kujua huduma zake, leseni yake na nambari ya simu inayopokelewa. Mwenye nyumba ya wageni Likoni, ambaye wateja wake wanavuka feri kuelekea Diani, anahitaji picha za vyumba, bei na ramani. Seremala wa Kisauni ambaye wateja wake wote ni wa mtaani huenda WhatsApp ikamtosha kwa sasa. Ukishindwa kuandika kwa sentensi mbili mteja wako ni nani na unataka afanye nini akifungua tovuti, usimlipe fundi bado.

Pili, fahamu kwamba unanunua vitu vitatu, si kimoja: jina la tovuti, nafasi kwenye seva inakokaa, na kazi ya kuitengeneza. Kazi ya kutengeneza hulipwa ikaisha. Jina na seva kwa kawaida hulipiwa kila mwaka, kama kodi ya duka. Majina yanayoishia kwa .ke husimamiwa na KeNIC na huuzwa kupitia mawakala wake; .co.ke ni ya biashara, na .or.ke ni ya mashirika yasiyotafuta faida. Jina liandikishwe kwako au kwa kampuni yako, kwa barua pepe yako mwenyewe. Usikubali barua pepe ya fundi, hata akiwa mtoto wa jirani.

Tatu, tayarisha maneno na picha mapema. Fundi hajui bei zako wala saa zako za kazi. Piga picha za bidhaa zako wenyewe. Za kuokota mtandaoni zina wenyewe, na mteja akifika akakuta kitu tofauti harudi. Kumbuka pia kwamba wateja wengi wataifungua kwa simu na bando la kuhesabu. Picha nzito zitawafukuza kabla hawajasoma jina lako.

Nne, usikimbilie mfumo mkubwa wa malipo. M-Pesa tunaitumia tangu 2007, na kuonyesha nambari ya till au paybill kunatosha kwa kuanzia. Ukichukua majina na nambari za wateja, Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakuhusu: waambie unazitakia nini, na usizigawe ovyo.

Tano, andikianeni. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inatuamrisha kuandika deni la muda na kuweka mashahidi. Mkataba wa tovuti unaweza kuwa karatasi moja: kurasa ngapi, zitakamilika lini, marekebisho mangapi yamo ndani ya bei, nani ataitunza baadaye na kwa kiasi gani. Malipo gawanyeni mara tatu: ya kuanza, ya kuona kazi ya awali, na ya makabidhiano.

Karatasi hiyo inamlinda fundi pia. Vijana wetu wanaumizwa na mteja anayebadilisha rangi mara kumi, anachelewesha picha miezi miwili, kisha analalamika kazi imechelewa na kukata pesa. Ukiongeza kazi, ongeza malipo. Na kazi ikikamilika kama mlivyoandikiana, mlipe kabla jasho halijakauka.

Siku ya makabidhiano, keti na fundi. Pokea maneno ya siri ya akaunti ya jina, ya seva na ya tovuti yenyewe, kisha uingie kila moja kwa mkono wako mbele yake. Omba nakala ya tovuti nzima na uiweke mahali pako. Andika tarehe ya kulipia jina na seva kwenye kalenda ya dukani, pale unapoandika kodi. Ukishahakikisha kila mlango unafunguka, badilisha maneno ya siri, kisha ulipe awamu ya mwisho.