Vumbi la Mirihi na kitambaa cha kupangusia sola

Kiangazi kikishika kasi Nyangamara, mkoani Lindi, paneli ya sola iliyofungwa juu ya bati haichukui hata wiki mbili kabla ya kuwa na rangi ya tofali. Pikipiki ikipita, vumbi. Mbuzi wakipita, vumbi. Mwaka mmoja nilikwenda likizo huko nikamlalamikia mjomba wangu: "Mjomba, jua lote hili, mbona betri haijai?" Hakuinua hata macho kwenye bao lake. "Panda ukapanguse."

Nikapanda na kitambaa kibichi. Usiku ule taa iliwaka mpaka tukalala wenyewe.

Jibu la mjomba lilinirudia Juni 2018, pale Opportunity, gari la utafiti lisilo na dereva, lilipozimika kwenye sayari ya Mirihi. Watu wa kulitengeneza walikuwapo, wa kuliongoza kutoka duniani walikuwapo. Wa kupanda na kitambaa hakuwapo.

Vumbi la Mirihi lilikuwa limeshawasumbua wataalamu kwa karibu nusu karne. Tarehe 14 Novemba 1971 chombo cha Marekani, Mariner 9, kilifika na kuanza kuizunguka sayari hiyo, cha kwanza kuzunguka sayari isiyo yetu. Kilikwenda kupiga picha za nchi yote, kikakuta nchi haionekani. Dhoruba ya vumbi ilikuwa imeifunika Mirihi kutoka ncha hadi ncha, na picha za mwanzo zilikuwa kama umepiga picha sufuria ya uji. Kilichoonekana ni madoa machache meusi. Wiki zikapita, vumbi likaanza kutua, na yale madoa yakajulikana kuwa ni vilele vya milima ya volkano. Mmoja wao, Olympus Mons, una kimo cha kilomita 22 hivi, karibu mara nne ya Kilimanjaro. Aliyewahi kukiona Kibo kutoka dirishani mwa ndege kikichungulia juu ya mawingu, na chini hakuna kitu, ameshaona walichokiona.

Mariner 9 iliweza kungoja. Wasovieti walikuwa na vyombo viwili katika dhoruba hiyohiyo, navyo vilipangiwa kushuka, basi vikashuka. Cha kwanza kiliharibika. Cha pili, Mars 3, kilitua salama tarehe 2 Desemba 1971, kikatuma ishara kwa sekunde chache, kisha kimya.

Kisa ninachokipenda zaidi ni cha Julai 1976. Viking 1 ilitua tarehe 20, na siku ya pili yake ikaleta picha ya kwanza ya rangi kutoka ardhini Mirihi: mawe mekundu, mchanga mwekundu, na juu yake mbingu ya buluu. Watu wakafurahi kweli, maana ilifanana na kwetu. Baadaye mafundi wakalinganisha rangi za picha na vibao vya rangi vilivyobandikwa kwenye chombo chenyewe, wakaona wamekosea. Mbingu haikuwa ya buluu. Ilikuwa ya kahawia iliyoingia waridi, kama chai ya maziwa. Waandishi wa habari walipotangaziwa marekebisho hayo walizomea, kwa utani, lakini walizomea. Siwalaumu. Ni vigumu kunyang'anywa mbingu uliyokwisha kuizoea, hata kama umeizoea kwa siku moja tu.

Kwa nini iwe na rangi hiyo? Mkulima wa korosho wa Lindi hapati shida na swali hili. Anajua kwamba salfa ya unga hupulizwa alfajiri, majani yakiwa na umande na upepo ukiwa bado umelala, kwa sababu unga laini ukishapaa hauna haraka ya kushuka. Bomba likinguruma, mikorosho inamezwa na wingu la njano, na jua linalochomoza nyuma yake hubadilika rangi. Mirihi iko hivyo mwaka mzima. Hewa yake ni nyembamba mno, mgandamizo wake haufiki hata sehemu moja katika mia ya huu wetu, lakini chembe za vumbi lake ni laini kama moshi, nazo zimejaa kutu ya chuma. Zinaning'inia. Mchana zinaipa mbingu rangi ya kutu. Jua likizama mambo hugeuka: chembe hizo hupitisha mwanga wa buluu vizuri zaidi kuelekea kwa mtazamaji, basi jua la Mirihi huzama ndani ya duara la buluu. Gari la Curiosity lilipiga picha ya machweo hayo tarehe 15 Aprili 2015. Kwetu mchana wa buluu na machweo mekundu, kwao kinyume chake.

Sasa turudi kwa marehemu. Opportunity na pacha wake Spirit yalitua Januari 2004 yakiwa yamepewa siku 90 za kazi. Mafundi walitarajia vumbi lingefunika paneli zao na kuyamaliza. Ikawa sivyo. Upepo ulioleta vumbi ndio uliolipeperusha. Machi 2005 umeme wa Spirit ulipanda ghafla, na siku hizohizo kamera zake zikanasa visulisuli vikizunguka bondeni. Kule Lindi mtoto akikiona kisulisuli hukimbia, kwa kuwa ameambiwa ndani yake mna shetani. Kwa Spirit, shetani huyo ndiye aliyepanda na kitambaa. Spirit liliishi hadi 2010, Opportunity likaendelea peke yake, likatembea kilomita 45 kwa miaka zaidi ya 14. Bodaboda ingezimaliza kwa saa moja, lakini bodaboda inasimama njiani kujaza mafuta.

Mwishoni mwa Mei 2018 dhoruba nyingine ikaanza, na mara hii ikaizunguka sayari nzima. Wataalamu hupima uzito wa vumbi angani kwa kulipiga picha jua lenyewe. Siku ya kawaida kipimo huwa chini ya 1. Tarehe 10 Juni kilifika 10.8, mchana ukawa giza. Umeme wa Opportunity ulishuka ndani ya siku chache kutoka wati-saa 645 hadi 22, kiasi cha kuchaji simu janja mara moja na ushee. Siku hiyo ndiyo ya mwisho kusikika. NASA iliita zaidi ya mara elfu moja, na tarehe 13 Februari 2019 ikatangaza msiba. Yale maneno yaliyosambaa kwenye simu zetu, kwamba gari lilisema betri yake inaisha na giza linaingia, halikuyasema. Lilituma namba, mwandishi mmoja wa Marekani ndiye aliyezipa sauti.

Curiosity lilipita salama katika dhoruba hiyo kwa kuwa halitegemei jua. Umeme wake hutokana na joto la plutoniamu. Perseverance, lililotua tarehe 18 Februari 2021, ni hivyohivyo. Nalo limebeba kitu kinachotuhusu sisi watu wa pwani zaidi kidogo: kipande cha jiwe kilichookotwa mwaka 1999 katika jangwa la Sayh al Uhaymir, Oman. Jiwe hilo ni la Mirihi. Zamani za kale lilirushwa na kishindo kilichoipiga sayari hiyo, likaelea angani, likaangukia kwa majirani zetu wa jahazi. Sasa kipande chake kimerudishwa kwao kama sampuli ya kusahihishia vipimo, kazi ileile ya vile vibao vya rangi vya Viking.

Tarehe 19 Februari 2027 Mirihi itakuwa mkabala na jua, ikichomoza jua linapozama. Kwetu huo ni msimu wa mvua, kwa hiyo kazi ni kuvizia usiku ambao mawingu yamefunguka. Baada ya Magharibi toka uani, tazama mashariki. Ile nyota yenye rangi ya tofali, isiyometameta kama wenzake, ndiyo yenyewe.