Sir William Jones: Jaji Aliyefikishwa na Sheria kwenye Lugha

Katika historia ya isimu linganishi jina la Sir William Jones hutajwa aghalabu kwa sababu ya hotuba moja tu. Yafaa ikumbukwe kwamba bwana huyu hakuwa mwalimu wa lugha. Alikuwa wakili, kisha jaji, na kazi ya mahakama ndiyo iliyomfikisha kwenye Kisanskriti.

Jones alizaliwa London mwaka 1746. Alisoma Harrow na Oxford, na mwaka 1771 alitoa sarufi ya Kiajemi. Elimu hiyo haikumpa riziki ya kutosha. Akaigeukia sheria na kuwa wakili mwaka 1774. Mwaka 1781 alichapisha kitabu juu ya sheria ya amana, yaani mali ya mtu iliyo mikononi mwa mwingine, nacho kikaheshimiwa na wanasheria Uingereza na Marekani.

Mwaka 1783 aliteuliwa jaji wa Mahakama Kuu ya Calcutta. Safarini alipitia Nzwani, katika visiwa vya Komoro, akazungumza na wenyeji kwa Kiarabu. Baadaye aliandika makala juu ya kisiwa hicho.

Huko Bengal, mashauri ya Wahindu kuhusu mirathi na ndoa yalikatwa kwa sheria zao wenyewe. Majaji Waingereza, kwa kutojua Kisanskriti, walitegemea rai za wanavyuoni wa Kihindu walioitwa mapandit. Jones hakuwaamini. Aliona kwamba jaji asiyeijua lugha ya sheria hana njia ya kuipima rai anayopewa, na mwaka 1785 akaanza kujifunza Kisanskriti.

Matunda yake yalionekana upesi. Tarehe 2 Februari 1786, mbele ya Jumuiya ya Asia aliyoiasisi mwaka 1784, alidai kwamba Kisanskriti, Kiyunani na Kilatini vinafanana mno katika mizizi ya vitenzi na maumbo ya sarufi hata isiwezekane kuwa ni sadfa. Kwamba vimetoka katika chimbuko moja, ambalo huenda limekwisha kutoweka. Wapo waliogusia udugu huo kabla yake, lakini kauli yake ndiyo iliyoenea.

Hata hivyo, aliyewashuku mapandit alifundishwa na pandit, Ramlochan. Mkusanyo wa sheria aliouanzisha ulitungwa na Jagannatha Tarkapanchanan pamoja na wenziwe, na ukatafsiriwa na Colebrooke baada ya Jones kufariki tarehe 27 Aprili 1794. Kadiri mahakama zilivyoshika vitabu vya Kiingereza, ikiwemo tafsiri yake ya Sheria za Manu ya mwaka 1794, ndivyo kauli ya mapandit ilivyopungua nguvu. Mwaka 1864 nafasi zao mahakamani zilifutwa. Hapana budi historia ya isimu iyaandike yote mawili: kile alichokigundua Jones, na wale waliomfundisha kisha wakanyamazishwa.