Petroli Nyuma ya Gesi: Historia ya Ulishaji wa Mafuta katika Magari Yanayotumia Nitrasi Oksaidi

Masimulizi yaliyozoeleka kuhusu nitrasi oksaidi katika magari ya kasi huanzia kwenye mtungi na kuishia kwenye kitufe. Filamu ya The Fast and the Furious (2001) iliikita picha hiyo: dereva hubonyeza, gari likachomoka. Makala haya yanashikilia kwamba picha hiyo inaiacha nje nusu ya historia. Gesi hiyo si mafuta. Huvunjika inapofikia joto la takriban nyuzi 300 za Selsiasi, ikaachia oksijeni, na oksijeni hiyo hudai petroli ya ziada papo hapo. Kwa hesabu ya kikemia, kilo moja ya gesi huhitaji zaidi ya gramu 100 za petroli. Petroli hiyo ikipungua, joto ndani ya silinda hupanda kupita kiasi na pistoni huweza kuyeyuka. Swali gumu kwa mafundi, basi, lilikuwa petroli hiyo itoke wapi.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia swali hilo halikuwa kali kiasi hicho. Jeshi la anga la Ujerumani lilitumia mfumo wa GM-1 katika ndege kama Messerschmitt Bf 109 na Junkers Ju 88 zilipokuwa katika kimo kikubwa, ambako hewa ni haba na supachaja haimudu tena kuishibisha injini. Huko juu injini ilikuwa ikitumia mafuta machache kuliko karibu na ardhi. Uwezo wa kuleta zaidi ulikuwapo. Gesi ilirudisha kilichopotea. Wanaoiita GM-1 babu wa magari ya leo wana hoja kwa upande wa gesi. Kwa upande wa mafuta, nasaba hiyo ni dhaifu.

Gari la mashindano ya mwendo mfupi nchini Marekani lilikuwa katika hali iliyo kinyume. Lilikuwa ardhini, hewa tele, na pampu yake ya mafuta huenda tayari inakaribia kikomo. Mwaka 1978 Mike Thermos na Dale Vaznaian walianzisha kampuni ya Nitrous Oxide Systems huko California, na vifaa vya aina hii vikawafikia wateja wa kawaida. Katika injini za kabureta, jawabu lilikuwa bamba lililowekwa chini ya kabureta, lenye mirija miwili: mmoja wa gesi, mwingine wa petroli, kila mmoja ukiwa na vali yake ya umeme. Huu ndio mfumo mnyevu. Uwiano ulipangwa kwa kubadilisha vitundu vidogo vya kupimia. Hata hivyo, pampu ikiwa moja, bamba na kabureta viligombania mkondo uleule. Ndiyo sababu wengine walifunga pampu ya pili, au hata tangi dogo la pekee lenye petroli ya oktani ya juu.

Kuenea kwa injekta za kielektroniki kulivuruga suluhisho hilo. Mabomba ya kuingizia hewa sasa yalichongwa kwa ajili ya hewa peke yake. Petroli iliyonyunyiziwa mbali na silinda iliweza kutengana na hewa kwenye kona, ikatuama, na cheche iliyorudi nyuma ikailipua. Hivyo ukabuniwa mfumo mkavu: gesi huingia peke yake, na injekta zilezile hulazimishwa kutoa zaidi kwa kupandisha shinikizo la mafuta. Lakini mtiririko hufuata kipeuo cha pili cha shinikizo. Kutoka bar 3 hadi 6, mafuta huongezeka kwa takriban asilimia 41 tu, na pampu nayo hutoa kidogo kadiri inavyosukumana na shinikizo kubwa zaidi. Kwa maoni yangu, sifa mbaya ya mfumo mkavu ilitokana zaidi na hesabu hii kupuuzwa kuliko na kasoro ya wazo lenyewe.

Baadaye kompyuta za injini ziliwezesha kurefusha muda wa injekta kuwa wazi. Muda huo nao una mpaka: katika mizunguko 6,000 kwa dakika, duru nzima ya injini ya mipigo minne ni milisekunde 20. Kwa wanaotafuta nguvu kubwa zaidi, kila silinda hupewa nozeli yake ya gesi na petroli. Na katika mifumo iliyofungwa kwa uangalifu, swichi ya shinikizo kwenye bomba la petroli huifunga gesi mara tu mafuta yanapopungua, hata kama dereva bado amebonyeza kitufe.