Urafiki wa 220 na 284

Namba zigawanyazo 220 pasipo baki, ukiiacha yenyewe, zikijumlishwa huwa 284. Zile za 284 ni 1, 2, 4, 71 na 142. Jumla yake 220. Ndiyo maana ziliitwa namba rafiki. Wayunani walituachia jozi hii moja. Katika karne ya 9, Thabit ibn Qurra, mwanachuoni wa Baghdad, alithibitisha kanuni ya kutafutia nyingine. Kamal al-Din al-Farisi, aliyefariki yapata 1320, akapata 17296 na 18416. Mwaka 1636 Fermat wa Ufaransa aliipata tena jozi hiyo hiyo, na vitabu vya Ulaya vikaiita yake. Dhuluma hiyo haikukusudiwa, lakini ni dhuluma. Na jozi iliyo ndogo kuliko hiyo, 1184 na 1210, isiyofikiwa na kanuni ya Thabit, ilivumbuliwa mwaka 1866 na kijana Mwitalia wa miaka 16.