Safari Rally Bila Gari: Vile Utatoka Town, Kangemi ama Karen Mpaka Naivasha na Urudi Kejani Salama

Safari Rally ikikaribia, wenye Subaru huanza kupanga msafara na wewe usiye na gari unaanza kusaka nani ana kiti kimoja. Usipopata, unaishia kuona klipu kwa simu. Tulia. Naivasha iko karibu kilomita 90 kutoka Nairobi na mathree ziko siku nzima. Kufika mjini Naivasha si shida. Shida ni zile kilomita za mwisho kutoka barabara kubwa hadi mahali magari yanapita, halafu kurudi wakati umati wote unataka kurudi. Panga hizo mbili kwanza.

Mbona siku hizi lazima usafiri

Mbio hizi zilianza 1953, na kwa miaka mingi ziliendeshwa kwa barabara za kawaida zilizo wazi. Wazee watakuambia walisimama tu kando ya barabara ya kwao, vumbi likawapata. Zilikuwa kwa ratiba ya dunia ya WRC kuanzia 1973 hadi 2002, zikatoka, zikarudi 2021. Tangu zirudi, mikondo inafungwa na mingi iko ndani ya mashamba na hifadhi kuzunguka Ziwa Naivasha na Elementaita. Rally haikuji kwako tena, wewe ndiye unaifuata.

Chagua mkondo mmoja tu

Mwenye gari anaweza kuruka mikondo mitatu kwa siku. Wewe chagua mmoja, na uchague kwa sababu unafikika, si kwa sababu jina ni kubwa.

*Hell's Gate* ndio rahisi zaidi. Kutoka mjini Naivasha panda mat ya Moi South Lake Road inayoenda Kongoni, shuka junction ya Hell's Gate. Kutoka hapo hadi Elsa Gate unaweza kutembea. Hii ni mbuga ya KWS, kwa hivyo uliza mapema kama siku hiyo kuna kiingilio. KWS hulipwa kwa eCitizen, kwa hivyo usifike langoni na noti pekee.

*Service park*, pale mafundi wanatengeneza magari, imekuwa Wildlife Research and Training Institute, kando ya ziwa. Wengi bado wanapaita KWS. Ukitaka kuona madereva na magari kwa karibu bila kutembea porini, anzia hapa.

*Soysambu, Elmenteita na Sleeping Warrior* ziko upande wa Nakuru. Usishuke Naivasha. Panda mat ya Nakuru, ushuke Gilgil ama Elementaita, kisha nduthi.

*Kedong* ni tamu kwa macho, ule mchanga laini kama unga ndio umeipa sifa. Lakini ni pana na iko mbali na lami. Kama hamna gari, iache.

Tahadhari moja: Moi South Lake Road pia ina Kasarani yake. Ukisikia konda wa Naivasha akiita "Kasarani", hamaanishi uwanja wa Nairobi.

Ukitokea town

Mat za Naivasha na Nakuru zinajaza Nyamakima na River Road. Fika kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, kwa sababu mkondo hufungwa mapema sana kabla gari la kwanza kupita, na ukichelewa hautavuka. Uliza nauli kabla ya kuketi. Wikendi ya rally bei hupanda, na ikiangukia Pasaka kama 2024, inapanda mara mbili: ya rally na ya watu wa ushago.

Ukitokea Kangemi, Uthiru, Kinoo

Nyinyi mko njiani tayari, kwa sababu mat zote za huko zinapitia Waiyaki Way. Msee mmoja ama wawili wanaweza kungoja Kangemi ama Uthiru na kupata nafasi. Lakini gari lililojaa Nyamakima halisimami. Kama mko mbogi ya watano, shukeni town asubuhi mpande pamoja.

Muulize dere anapitia wapi. Baada ya Rironi, kuna wanaoteremka Mai Mahiu na kuna wanaopita juu, Kimende na Kinungi. Zote mbili zinafika Naivasha, lakini ajali ya lori kwa mteremko wa Mai Mahiu inaweza kukukalisha hapo masaa.

Ukitokea Kawangware, Dagoretti, Karen, Ngong

Kawangware, shika nduthi hadi Kangemi badala ya kuzunguka town. Karen na Ngong, 111 itakushusha town, halafu utembee hadi Nyamakima. Ni mbali kidogo, toka mapema zaidi.

Kenya Railways nayo imewahi kutoa treni maalum za rally. Angalia kurasa zao wiki mbili kabla, tiketi huisha haraka.

Kama hauna siku nzima

Kati ya 2021 na 2025 rally ilikuwa na mkondo mfupi Kasarani, chini ya kilomita tano, ambao mat yoyote ya Thika Road inakufikisha. Ratiba hubadilika, thibitisha ya mwaka huo kwanza. Na ukipenda tu magari na pikipiki kwa maonyesho, Concours d'Elegance hufanyika Ngong Racecourse. Panda 111, unashuka langoni.

Kurudi ndio mtihani

Usikimbilie barabara gari la mwisho la mashindano likipita. Ngoja gari la kufagia lipite, ndipo mkondo unafunguliwa. Wenye haraka ndio hupatikana katikati ya njia gari lingine likija.

Ukiwa ndani, simama juu, upande wa ndani wa kona, na ufuate marshal. Ukisikia helikopta, gari liko karibu, toka njiani.

Panga nduthi ya kurudi asubuhi ile ile: chukua namba ya aliyekuleta na mkubaliane bei. Mtandao huzidiwa na watu, kwa hivyo toa cash kidogo mjini Naivasha na usitegemee M-Pesa pekee. Nduthi moja abiria mmoja, na aliyekunywa asikubebe.

Ondoka mkondoni mapema, hata kama ni kukosa magari machache ya nyuma. Mat za South Lake Road hupungua giza likiingia. Ukiona jua linazama na bado uko porini, lenga kulala Naivasha badala ya kusimamisha gari usilolijua kwa highway. Kwa hivyo beba nauli ya kurudi mara mbili, mfukoni tofauti, na usiiguse.

Mengine ya kubeba: maji, kofia, leso ya vumbi na koti la mvua. Tangu 2024 rally imekuwa Machi, na mvua ikishika, vumbi la asubuhi linakuwa tope la jioni. Viatu vyeupe viache nyumbani.