Baharia Aliyeipa Milima Jina

Sisi tukaao Igawa, kusini mwetu iko milima ya Kipengere. Ng'ambo yake, katika Ukinga, iko milima ya Livingstone, ishukayo ghafula hata Ziwa Nyasa. Walakini si Livingstone aliyeiita hivyo, bali baharia mmoja, Edward Daniel Young.

Young alikuwa mpiga mizinga katika manowari za Uingereza, na alipata kumtumikia Livingstone katika mto Zambezi. Mwisho wa mwaka 1866 watu waliomtoroka Livingstone walifika Unguja, wakasema ameuawa. Wengi walisadiki. Mwaka 1867 Young alitumwa kutafuta kweli. Aliuliza kijiji kwa kijiji, akajua ya kuwa Livingstone alipita salama. Ndipo uongo ulipofichuka.

Mwaka 1875 aliwaongoza wamisionari wa Scotland pamoja na meli ya moshi, Ilala. Maporomoko ya mto Shire yaliziba njia; basi meli ikafunguliwa vipande vipande, mamia ya watu wakavichukua kwa miguu, kisha ikaungwa tena. Tarehe 12 Oktoba 1875 ikaingia ziwani. Young akasafiri hata upande wa kaskazini, akaiona ile milima, akaipa jina la mkuu wake wa zamani, aliyekufa mwaka 1873; hakujitafutia sifa.

Basi tuwafundishapo watoto jina la milima hiyo, tuwatajie na baharia huyo. Tena tusiwasahau wapagazi walioichukua meli, ambao majina yao hayakuandikwa juu ya mlima wo wote.